Mlio wa Chupa na Katambuga za Marehemu

Siku niliyokabidhi funguo za stoo ya vipimo mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu. Nawashukuru kwa keki. Saa nimempa shemeji yangu, maana mstaafu hahitaji kukumbushwa kwamba muda unakwenda. Lakini kati yenu wote ni Neema peke yake aliyeuliza swali la maana: kwa nini juu ya kabati la stoo kuna katambuga moja ya tairi, imekauka, ya mguu wa kushoto, na kwa nini nilikuwa mkali kila mtu alipotaka kuitupa. Nilimwambia habari yake ni ndefu. Akasema ana muda. Ninyi vijana mnasema mna muda huku macho yako kwenye simu, kwa hiyo nimeona heri niandike.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Shinyanga mjini na cheti cha ufundi wa redio. Kampuni ya kutafuta dhahabu ilikuwa imepiga kambi nje kidogo ya Rwamgasa na ilitaka mtu anayejua kushika waya bila kuukata. Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu wa vipimo, Mwalimu Luhende. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi hadi alipochoka, kwa maneno yake mwenyewe, kueleza umeme katika shule isiyo na umeme. Sikuwahi kumwita kwa jina lingine zaidi ya Mwalimu.

Asubuhi ile ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, kisha akaniambia nivue mkanda. Nikavua. Akataka saa, funguo, kisu cha mfukoni na kalamu yangu yenye kibanio cha chuma. Akaninyang'anya hata suruali, kwa sababu ya zipu, akanipa nyingine ya vifungo, pana kama gunia, na kipande cha kanga cha kuifungia kiunoni. Nilijiona kichekesho. Nilikuwa nimeaga nyumbani nikiwa fundi, nikaingia porini nimefungwa kanga kama mwali. Mwalimu hakucheka. Alisema mashine tutakayobeba inasikia chuma kuliko mbwa anavyosikia nyama, na haijui kutofautisha chuma cha mwamba na chuma cha mkanda wangu.

Mashine yenyewe ilikuwa chupa. Najua leo mna vifaa vinavyoongea na setilaiti, lakini yetu ilikuwa chupa ya mafuta jamii ya mafuta ya taa, imezungushiwa waya wa shaba, na sanduku la betri lenye kitufe kimoja. Kwa kuwa pori lilikuwa limefunga, hatukuweza kunyanyua chupa juu ya mlingoti mrefu kama wafanyavyo kwenye mbuga za wazi. Tuliifunga kwenye fremu ya alumini mgongoni. Unatembea hatua kadhaa kwenye mstari uliofyekwa, unasimama, unabonyeza, unaandika. Pale unaposimama tulipaita stesheni, ingawa hakuna treni iliyowahi kupita.

Nilimuuliza Mwalimu mafuta ya taa yanajuaje kilicho chini ya ardhi. Akaketi kwenye kisiki akanieleza, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi. Ndani ya mafuta kuna haidrojeni, na kila kiini cha haidrojeni ni kama pia ya mtoto inayozunguka, na ni sumaku ndogo pia. Huo mzunguko wao wataalamu wanauita spini. Kwa kawaida kila kimoja kinaelekea kwake. Ukipitisha umeme kwenye waya, vingi vinageuka upande mmoja. Ukikata umeme, vinaanza kuyumba pamoja kuizunguka sumaku ya dunia, na kuyumba huko kunatoa mlio. Sumaku ya mahali hapo ikiwa kali, mlio unapanda. Ikiwa dhaifu, unashuka. Mwamba wenye chuma unaongeza ukali, na kule kwetu dhahabu hupenda kukaa jirani na mwamba wenye chuma.

Kisha akanivalisha spika ya sikioni aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwenye redio mbovu. Akabonyeza. Nikasikia kitu chembamba, kama mbu aliyeko chumba cha pili, kikadumu kidogo, kikafifia, kikaisha. Nikauliza kwa nini kimeisha. Akasema spini zimepoteana hatua. Zilianza kwa pamoja kama wachezaji wa ngoma, kisha kila moja ikashika mdundo wake. Na hapo akanifundisha jambo ambalo fomu za kampuni hazikuwa nalo. Chuma kilicho mbali, chini sana, kinazigusa spini zote za chupa kwa usawa, kwa hiyo mlio unapanda lakini unadumu. Chuma kilicho karibu kinaugusa upande mmoja wa chupa zaidi ya mwingine. Spini zinagombana mapema na mlio unakatika.

Ndiyo maana kwenye kila daftari Mwalimu alichora kwa rula safu moja ya ziada, ukingoni kabisa, akaiandika "mlio". Tulikuwa tunajaza hapo muda uliodumu, kwa kuhesabu kimoyomoyo. Mkuu wetu wa jiolojia, mgeni ambaye wote tulimwita Bosi, hakuwahi kuisoma safu ile. Nami, nisiwafiche, niliijaza kwa sababu niliambiwa tu.

Jioni baada ya ugali Mwalimu alipenda kusoma majarida ya fizikia aliyotumiwa na rafiki yake wa ng'ambo. Yalikuwa yanafika yamechelewa na yamelowa, lakini aliyasoma kama barua ya nyumbani. Siku moja alinisimulia kwamba kuna watu wanaopoza gesi kwa mwanga hadi atomi zinakaribia kusimama kabisa, baridi ambayo hakuna mahali duniani inapatikana yenyewe. Kilichomnyima usingizi ni swali moja: kama atomi hizo zinavutana na kugongana kwa nguvu sana, spini itasafirije kutoka moja kwenda nyingine? Nikamwambia itapita upesi, si zimebanana? Akatikisa kichwa. Akasema fikiria watu wanapokezana ndoo ya maji kuzima moto. Watu wamesimama, ndoo ndiyo inayokwenda. Sasa wape watu hao vurugu, kila mmoja anampiga kikumbo mwenzake, ndoo inarudi ilikotoka mara tatu kabla haijasogea mbele. Msongamano hauharakishi kila kitu, alisema. Nikaitikia kwa adabu nikaenda kulala.

Mwaka wangu wa tatu Mwalimu akashikwa na malaria kali, akapelekwa Geita. Nikaachiwa mstari peke yangu, pamoja na mkata njia wetu. Mstari ule ulipita katikati ya shamba la mama mmoja mjane, Mama Kabula, nyumba ya nyasi, pamba upande mmoja na viazi upande wa pili, na katikati kaburi la mumewe limepangiwa mawe. Nilifika kwake nachechemea. Viatu vyangu vya turubai, visivyo na msumari hata mmoja, vilikuwa vimepasuka na kunichuna kisigino mpaka damu.

Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akatazama mguu wangu, akaingia ndani. Akatoka na katambuga jozi moja, nene, zimetunzwa kwa mafuta. Zilikuwa za Baba Kabula, marehemu. Akaniambia nipite nazo, nikirudi nimrudishie. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, mayu, nikampa mkata njia viatu vyangu avishone kwa kamba.

Najua mtauliza kama sikufikiria. Nilifikiria. Mwalimu mwenyewe alivaa katambuga, na alikuwa amezipima mbele yangu, hazikuwa na neno, kwa sababu tairi za zamani zilikuwa na nyuzi za nailoni. Kwa hiyo nilivaa kwa amani kabisa, nikakata shamba lote, stesheni sita, kutoka ua wa minyaa wa huku hadi ua wa minyaa wa kule. Hapo mkata njia akanikabidhi viatu vilivyoshonwa, nikavaa, nikaendelea. Alasiri wakati wa kurudi nikamrejeshea mama amana yake. Alinipa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna njiani.

Bosi alipochora namba zangu kwenye ramani alipiga mluzi. Mstari ulikuwa umelala chini kama mkeka, halafu ghafla stesheni sita zimenyanyuka, kisha zimelala tena. Na kinyanyuko hicho kilipangana sawasawa na kilima cha mawe ya chuma kilichokuwa upande wa mashariki. Akanipiga begani mbele ya watu, akaniita macho ya kambi. Nilivimba kichwa, nisiwadanganye. Akachora kwa penseli nyekundu mtaro wa kuchimba ili kuona mwamba, na penseli ile ilipita juu ya kaburi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya pili wachimbaji wadogo walikuwa wameshasikia, sijui kwa nani. Wakaja na majembe, nyundo na masufuria, rashi kamili, kama tunavyoita mbio za dhahabu. Siku ya nne kulikuwa na maduara matatu kwenye pamba ya Mama Kabula, mashimo wima ya upana wa mtu, na moja lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kaburi. Kampuni nayo ikamtuma mtu kumweleza kwamba kaburi litahamishwa kwa heshima zote.

Jumapili alasiri Mama Kabula alikuja kambini. Alikataa kiti. Alikataa chai. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, mimi nilikupa viatu upite. Sasa naambiwa nimhamishe mwenye viatu."

Alipoondoka nilienda kwenye hema la vipimo nikafungua daftari, si kwa akili yoyote, ila kwa aibu, nikitafuta kitu cha kushika. Nikatazama zile stesheni sita. Namba zilikuwa nzuri kama Bosi alivyosema. Kisha jicho likaangukia safu ya ukingoni. Kabla ya ua wa minyaa mlio ulidumu. Baada ya ua wa pili ulidumu. Katikati, zote sita, ulikatika upesi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikapita. Chuma hakikuwa chini. Kilikuwa karibu. Na nyumba ya yule mama haikuwa hata na bati.

Mwalimu alikuwa amerudi siku ile ile, bado ananing'inia ndani ya shati. Nilimpelekea daftari. Alisoma safu yake ile kwa muda mrefu kisha akauliza nilivaa nini. Nikamweleza. Akafumba macho.

"Hapo hakuna mwamba," alisema. "Hapo ulikuwepo wewe."

Nilimuuliza nifanye nini, nikitumaini ataniambia kwamba yeye ataongea na Bosi. Akaniambia mficha uchi hazai, na akageukia ukuta kulala. Nilichukia wakati ule. Mkataba wangu ulikuwa wa mwezi kwa mwezi na nilikuwa nimeshajizoesha kuitwa macho ya kambi.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Kabula na chupa. Nilimwomba zile katambuga. Nikasimama peku kwenye stesheni ya tatu nikabonyeza: mlio ukadumu, namba ikalala chini kama za jirani zake. Nikavaa katambuga nikabonyeza tena: namba ikapanda, mlio ukakatika. Nilirudia mara tano, kama mtu anayebembeleza jibu libadilike. Ndipo Mama aliponieleza kwamba mumewe alikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Kahama. Lori lilikuwa jipya. Tairi lake moja lilipopasuka, tajiri akampa kipande, naye akampelekea fundi wa mtaa wa Nyasubi amkatie viatu. Tairi mpya zile, ndani yake zilikuwa na nyuzi za chuma. Hatukujua.

Bosi alinisikiliza hadi mwisho. Hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi. Akachukua kifutio akafuta mtaro wake wa penseli nyekundu, taratibu, akapuliza vumbi. Kisha akasema nitapima upya kila mstari niliopima tangu Mwalimu augue, peke yangu. Nilipima. Nilimaliza nikiwa nimekonda, lakini mistari ile ilikuwa safi.

Nilidhani yameisha. Hapo ndipo nilipoelewa ile habari ya ndoo. Uvumi wa dhahabu ulikuwa umefika Rwamgasa kwa siku moja. Habari kwamba hakuna dhahabu haikwenda popote. Nilimweleza mchimbaji mmoja, akamweleza mwenzake, mwenzake akambishia, akarudi kwangu akiwa na mashaka kuliko alivyoondoka. Masanja, mwenye duara lile la karibu na kaburi, alikuwa na msemo wake: kampuni ikisema hakuna, ujue kipo. Wote walikuwa wamebanana pale shambani, wanakula pamoja, wanagombana pamoja, na neno langu lilirudishwa kikumbo kila lilipojaribu kupita. Duara la Masanja nalo lilikuwa linapanuka kila siku.

Mwenyekiti wa kitongoji akaita watu wote shambani. Mwalimu alikuja na fimbo ya kutembelea. Wazo lilikuwa lake: nisihutubie, niwasikilizishe. Nikafunga chupa kwenye gogo, nikamvalisha kila mchimbaji spika ya sikioni, mmoja mmoja. Mara moja bila katambuga, mara moja katambuga zikiwa chini ya gogo. Ilichukua asubuhi nzima. Wengine walitabasamu kama watoto waliposikia mlio. Wengine walisema wamesikia, wengine walisema hawakusikia tofauti yoyote. Wachache walianza kukusanya majembe. Kisha zamu ikamfikia Masanja. Alisikiliza mara mbili, kwa makini, nampa haki yake, halafu akavua spika.

"Sauti hata redio inatoa," alisema. "Wewe si fundi redio?"

Watu wakacheka. Waliokusanya majembe wakayaweka chini. Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa ameinama, anachorachora mavumbini kwa fimbo yake.

Mama Kabula alikuwa amekaa pembeni ya kaburi muda wote. Akasimama, akaja, akaokota katambuga zile chini ya gogo, akaingia nazo ndani. Nilifikiri amechoka na sisi, na angekuwa na haki. Akatoka na panga. Akaiweka ile ya kulia juu ya jiwe la kusagia. Aliishika kwanza, akaipangusa vumbi kwa kanga yake. Viatu vile ndivyo pekee alivyobaki navyo vya mumewe vilivyokuwa na umbo lake, kidole gumba chake kilikuwa kimeacha alama ndani.

Akapiga panga mara tatu. Pigo la tatu raba ikafunguka, na nyuzi zikachomoza, nyembamba, nyingi, zinang'aa juani. Akavuta moja kwa meno na vidole mpaka ikatoka yote. Akatembea hadi kwa Masanja akamwekea kiganjani.

"Dhahabu yako hii," alimwambia. "Chukua, umwache mume wangu."

Hakuna aliyecheka. Masanja aliukunja waya ule, akaukunjua, akaupitisha kwa aliye kando yake. Huyo naye akaupitisha. Nilisimama pale nikiutazama ukihama, mkono kwa mkono, watu wamesimama palepale, mpaka ukafika kwa mtu wa mwisho kule kwenye minyaa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Alasiri Masanja alianza kufukia duara lake mwenyewe. Mawili yaliyobaki yaliendelea kwa wiki mbili tatu, maana mbishi hakosekani, kisha mvua ikayajaza yakaachwa.

Nilipokwenda kuaga, Mama Kabula alinipa ile ya kushoto. Alisema moja atafanyia nini, nikae nayo mimi. Sikuikatalia. Mwalimu alifariki miaka mingi baadaye, kabla sijaweza kumweleza kwamba wale watu wa gesi baridi walikuja kujaribu kweli. Mwanangu alinisomea: walisukuma wingu la spini za upande mmoja ligongane na wingu la upande wa pili, hewa tu, nyembamba kuliko pumzi, na mawingu yale yakadundana, yakachukua muda mrefu mno kuchanganyika. Angenicheka, kwa vile niliitikia tu nikaenda kulala.

Kwa hiyo, Neema, katambuga ile ibaki juu ya kabati, upande wa mbali na mashine, na mkichora daftari jipya msisahau safu ya ukingoni, hata kama mashine yenu inasema inajihesabia yenyewe. Mkipita Rwamgasa, shamba lipo, minyaa imekuwa mirefu. Mama Kabula alizikwa mwaka juzi, hatua mbili kutoka kwa mumewe, pale kwenye stesheni ya tatu, na walioshika sepeto siku ile walikuwa wanawe na mimi.